Jaketi la Sita

Niliitwa ukumbini Jumapili saa tisa ili niombe msamaha. Nilikwenda. Msamaha sikwenda nao. Nilikwenda na jaketi moja la kuokolea maisha, la rangi ya chungwa, nimelibana kwapani, na watu wakaniangalia kama mtu aliyeingia kanisani na jembe.

Nitaeleza jaketi lilivyofika pale, kwa sababu mwenyekiti wetu Mwaura ameshaeleza kwa njia yake katika simu za watu wote kuanzia Hyattsville hadi College Park, huku ughaibuni Maryland, na kwa njia yake mimi ni mshenzi.

Naitwa Kimutai. Nina miaka hamsini na miwili. Shule niliiacha darasa la sita. Siku za kazi naendesha foklifti ghalani. Wikendi za kiangazi, mwaka wa tano sasa, nashika barabara kwa muda wa saa saba kwenda kaskazini hadi Ziwa Ontario, kufanya kazi katika boti ya mama mmoja aitwaye Lorraine. Lorraine huwapeleka watu ziwani kuvua samoni na trauti. Mteja anapanda, sisi tunajua samaki wako wapi na wamelala kina gani, yeye anavuta. Ndiyo kazi yenyewe.

Watu wa Umoja wetu walinicheka miaka yote hiyo. Umoja wa Riverdale ni chama chetu Wakenya na Watanzania wa upande huu; tunazikana, tunaozana, tunagombana.

"Mkipsigis na samaki wapi na wapi?" Wainaina alikuwa akiniuliza kila tukikutana. "Nyinyi si mnaogopa hata omena, vidagaa vile?"

"Na wewe uliyeonja samaki mara ya kwanza ukiwa na ndevu," nikamwambia, "unanicheka nini?"

Lakini trauti nawajua tangu utotoni. Mto wetu kule juu ya Kericho ulikuwa na trauti, waliletwa na wazungu zamani, na hadi nikiwa mtoto kuvua kulitaka kibali cha klabu yao. Kibali hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa nacho. Nilikamatwa nikiwa na trauti wawili kwenye kaptura. Mlinzi alinichapa, mwalimu mkuu akanichapa kwa kuwa nimechapwa na mlinzi, na baba akasema kama shule ndiyo inanifundisha wizi, basi bora nichume chai. Hivyo ndivyo nilivyomaliza masomo. Nilipigwa kwa kukosa karatasi.

Sasa karatasi ninayo. Mtihani wa unahodha niliufeli mara mbili, kwa sababu ya hesabu za mkondo na upepo na Kiingereza chake cha kona kona. Mara ya tatu nikapita. Nakala yake imetundikwa jikoni kwetu, na mke wangu Bilha akikaanga maandazi huwa anaifuta mafuta kwa kitambaa kabla ya kujifuta yeye mwenyewe. Leseni hiyo inaniruhusu kubeba abiria sita wa kulipia. Sita. Mtoto mchanga ni abiria. Bibi kizee asiyevua ni abiria. Lorraine alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kufunga kamba.

Mwaka huu Lorraine amefikisha miaka sabini na mmoja na goti lake limekataa ngazi. Mwezi wa saba akaniambia, "Jumamosi ya tarehe ishirini na sita nahodha ni wewe. Mimi nitaosha ndoo. Ukitoka na kurudi kwa utaratibu, ufunguo ni wako hadi msimu uishe, na mwaka kesho tutazungumza. Ukiyumba, nampa jamaa wa gati la pili. Ananiomba tangu Pasaka."

Lorraine hapambi maneno. Nilijua anachosema ndicho atakachofanya. Boti ile, *Audrey*, futi ishirini na nane, ndicho kitu pekee nilichowahi kukitaka nikiwa mtu mzima ambacho sikuwa na aibu kukitaka.

Wateja wangu wa kwanza nilitaka wawe watu wangu. Hapo ndipo nilipokosea. Niliandika kwenye kundi la simu la Umoja: "Safari ya samaki. Nafasi sita. Andikeni majina." Baada ya saa moja orodha ikarudi, nikiwa juu ya foklifti, nikaitazama kwa jicho moja:

1. Mwaura na familia
2. Dunstan
3. Edna na mgeni
4. Wainaina na mke
5. Kipkemboi
6. Christopher

Nikaona moja hadi sita, nikatuma kidole gumba.

Mtu yeyote aliyewahi kuchangia matanga ya kwetu anajua orodha hizo. Mstari si mtu. Mstari ni nyumba. "Mwaura na familia" kwenye mchango ni mchango mmoja, kwenye harusi ni meza nzima. Nilikuwa nimezisoma orodha hizo miaka kumi na minane, na siku niliyotakiwa kusoma kwa macho mawili nilisoma kwa moja. Hilo ni kosa langu, na hilo peke yake ningeliombea msamaha kama wangeliuliza.

Mimi nilitangulia Ijumaa. Wao walitoka Hyattsville Jumamosi alfajiri kwa magari mawili. Saa saba na nusu mchana wakaingia bandarini, muziki unalia, na milango ikafunguka. Walitoka, wakazidi kutoka. Chupa za chai, vyombo vya pilau, chapati zimefungwa kwenye karatasi ya alumini, mwavuli, stuli. Mwisho kabisa Mumbi, mke wa Mwaura, akamshusha mama yake aliyekuja kutoka Nyeri kuwatembelea, bibi mdogo wa mwili mwenye kofia ya sufu katika joto la mwezi wa saba. Sote tunamwita Shosho, yaani bibi.

Shosho hakusalimia mtu. Alitembea moja kwa moja juu ya mbao za gati, akamnyooshea Lorraine mkono kama anayemjua, Lorraine akamshika, akavuka, akaketi kwenye benchi la nyuma la boti na kuweka mkoba mapajani.

"Ziwa ndilo kubwa hivi?" akasema, akitazama ziwa. "Ng'ambo iko wapi?"

"Haionekani, Shosho," Mumbi akamjibu kutoka gatini.

"Basi si ziwa. Wamewadanganya."

Wengine walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kivuko, ubao wa kupandia botini, na bila kufikiri nikainua kidole na kuanza kuhesabu. Mmoja, wawili, watatu...

"Kimutai!" Sauti ya Mwaura ilikata kila kitu. "Unatuhesabu?"

Nilikuwa nimefika tisa. Nikamalizia. "Kumi."

Hata kwetu Wakipsigis watu hawahesabiwi kwa kidole. Mama yangu ukimuuliza ana watoto wangapi atakutajia majina, na wewe uhesabu kimya kimya kwa hatari yako mwenyewe. Ng'ombe hawahesabiwi, watu hawahesabiwi, kinachohesabiwa kinapungua. Nilijua. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Umetuhesabu kama mbuzi wa mnada," Mwaura akasema. Mwaura ni mtu mrefu, ofisi yake iko mjini, suruali ya kaki imepigwa pasi hata siku ya samaki. Nikisema mwenyekiti, jua ni mwenyekiti kweli: huketi wa kwanza, hula wa kwanza, husema wa mwisho.

"Mwenyekiti, pole kwa kidole. Lakini boti inabeba sita. Nyinyi ni kumi."

"Tumeandika majina sita."

"Mmeandika nyumba sita. Na mimi sikuona. Kosa langu. Hata hivyo ni sita."

Edna, nesi wetu kutoka Moshi, akaweka mikono kichwani. "Jamani! Mimi nimembeba Euphrasia wa watu kutoka Silver Spring, nitamwambia nini?"

"Mwambie ale chapati hapa gatini, tutarudi saa kumi na mbili."

"Heh!" Dunstan akaingilia. Dunstan ni Mtanzania wa Ukerewe, dereva wa basi, na tangu nimjue hajanyamaza kuhusu sangara. "Kaka, kwetu boti kama hii inabeba watu ishirini na magunia ya mihogo. Na mbuzi! Tena mbuzi hajaketi!"

"Na wangapi wamezama?"

"Sasa hayo tena..." akasema Dunstan, akatazama pembeni.

Mwaura akanisogelea, akashusha sauti, ile sauti ya kamati. "Sikiza. Usituembarrass mbele ya huyu mama. Wanne watashuka huko ndani, kwenye kachumba. Nani atawaona? Tukifika katikati wanatoka. Wewe unajua mambo yanavyofanywa."

"Najua. Ndiyo maana nasema hapana."

"Nyinyi watu ambao hamkusoma," akasema, na hapo sauti haikushuka tena, "mkipewa karatasi kidogo mnalala nayo kama mke."

Wainaina akacheka kidogo, akaacha. Mimi sikucheka.

"Mwenyekiti, karatasi yenyewe nimeifanyia mtihani mara tatu. Nitalala nayo nikitaka. Ni sita."

"Mama yako bado yuko hai?"

"Unajua yuko hai."

"Ana miaka mingapi?"

Kila mtu gatini alijua anakoelekea. Umoja wetu ndio unaosafirisha watu kwenda kuzika na kurudisha miili nyumbani. Asiyekuwa na Umoja, siku ya msiba anaangalia simu yake peke yake.

"Themanini na minne," nikasema.

"Basi kumbuka hivyo. Ukifiwa utatuita."

Nilimtazama Lorraine. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la barafu, ufunguo wa boti ukining'inia kidoleni, na boya dogo limefungwa kwenye ufunguo ili ukianguka majini uelee. Hajui neno la Kiswahili, ila alikuwa anajua kila kitu. Hakuniambia fanya hivi wala vile. Alingoja tu kuona kama nina msimamo au sina.

Nikaingia ndani ya boti, nikafungua kabati, nikatoa majaketi. Nikayapanga juu ya mbao za gati, moja moja, kutoka kivukoni kwenda nyuma. Sita.

"Watu sihesabu tena," nikawaambia. "Nimehesabu majaketi. Aliyevaa jaketi anapanda. Asiyevaa anabaki. Simchagui mtu."

Dunstan alikuwa ameshalivaa la kwanza kabla sijamaliza sentensi, limebana tumbo hadi anahema. Edna akamwambia mgeni wake, "Euphrasia, dada, nitakuletea mkia," akachukua la pili. Mumbi akachukua mawili, akavuka na kumvika mama yake juu ya sweta. Mke wa Wainaina akamtazama mumewe, mumewe akatazama ziwa lilivyo kubwa, akasema, "Nenda tu, mimi nina pilau," mke akalivaa la tano, na kila mtu akaelewa kuwa Wainaina anaogopa maji.

Likabaki moja.

Mwaura hakuinama. Nilimuona anavyosubiri. Mwenyekiti hagombanii jaketi, mwenyekiti huletewa. Kipkemboi, kijana wa kwaya, akaliokota na kumpelekea kwa mikono miwili. Mwaura hakulipokea.

"Ama sote, ama hakuna," akasema. "Nyinyi mlio ndani, shukeni."

Hakuna aliyeshuka.

"Mumbi. Shuka na mama."

Mumbi akaangalia chini. Shosho ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kuita kuku. "Mimi nimepanda ndege mbili, miguu imevimba, sasa nimepata pahali pa kukaa. Wewe shuka."

"Mama, mimi sijapanda."

"Basi umeshashuka."

Edna akageukia majini kucheka. Mwaura akawaambia waliobaki gatini kwamba atakayevaa jaketi lile asimwite tena mwenyekiti wake. Kipkemboi akalirudisha chini pale pale lilipokuwa. Christopher akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nilingoja. Hili nalisema kwa sababu limefutwa katika hadithi yao: nilingoja hadi saa nane na nusu, injini inanguruma, kamba moja tu imebaki gatini. Kisha nikafungua kamba. Tuliondoka na watu watano, na jaketi la sita likabaki juu ya mbao, Mwaura amesimama kando yake kama mtu anayelinda maiti.

"Alisema nini?" Lorraine akaniuliza tulipovuka ukuta wa bandari.

"Alisema mama yangu akifa hatakuja."

Akafikiri. "Na ulisema nini?"

"Sita."

Akatikisa kichwa mara moja, akachukua ndoo.

Tulikwenda maili nne nje. Kwenye kioo cha kupimia kina niliona samaki wamelala futi tisini, chini ya maji ya joto, kama ukwaju umemwagwa. Nikapunguza mwendo hadi boti inatambaa. Lorraine akashusha matufe mawili ya risasi, kila moja ratili kumi, na mishipi imebanwa juu yake, nyuma yake vijiko vya bati, chambo cha bandia, vinavyozunguka na kumetameta. Samoni akigonga kijiko, mshipi unachomoka kwenye kibanio, na fimbo ya kuvulia iliyokuwa imepinda inaruka juu. Hapo mtu wa zamu anaishika. Zamu hupangwa kabla. Samaki akigonga hakuna kujadiliana.

"Zamu ya kwanza Edna," nikasema. "Ya pili mke wa Wainaina. Ya tatu Mumbi. Ya nne Dunstan."

"Mimi mvuvi wa kuzaliwa ndio wa nne?" Dunstan akalalamika.

"Ndiyo, ili uwaone wasiozaliwa wavuvi."

"Na mimi?" Shosho akauliza.

"Shosho, wewe huna kibali cha kuvua. Wenzako wamekata vibali. Fimbo huwezi kugusa."

Mumbi akakunja uso. "Kimutai, jamani, hata mama?"

"Hata mama. Mimi nimeshachapwa kwa hilo."

Shosho akanipima kwa macho muda mrefu. Kisha akafungua mkoba, akatoa kiazi kitamu cha kuchemsha, akamenya. "Sawa," akasema. "Mimi hata hizo nyoka zenu sili."

Fimbo ya kushoto iliruka juu baada ya nusu saa. Edna alipiga ukelele uliosikika Kanada. Nikamwambia ashike chini, kiuno kikaze, asikimbilie kuzungusha, amwache samaki aende akitaka kwenda. Samaki akaenda. Mshipi ulilia kama cherehani, mita mia na zaidi.

"Anamaliza kamba! Anamaliza!" Dunstan akapaza sauti, na kabla sijageuka alikuwa ameruka na kuushika mshipi kwa kiganja, kama wanavyofanya kwao.

"Achia!" nikamfokea. "Dunstan, achia, utakatwa!"

Aliachia. Ulikuwa umeshamkata, mstari mwembamba mwekundu kiganjani. Akaketi chini na kuutazama kwa mshangao.

"Sangara hana tabia hii," akasema.

"Sangara yuko Ukerewe. Keti."

Lorraine akanitupia jicho. Nilifikiri, basi, hapa ndipo ninapoyumba. Nikamkabidhi Lorraine usukani, nikamfunga Dunstan kitambaa mwenyewe, nikamwambia zamu yake imekwenda. Hakubisha. Edna alivuta dakika ishirini, jasho linamtiririka, akimwita samaki yule majina ambayo wagonjwa wake hawajayasikia. Samaki alipofika juu alikuwa mrefu kama mkono wangu wote, mgongo wa kijani, ubavu wa fedha. Lorraine akamteka kwa wavu.

"Mungu wangu," mke wa Wainaina akasema taratibu. "Huyu si samaki. Huyu ni mtoto wa darasa la kwanza."

Tulipata samoni wawili wengine, na trauti mmoja mdogo mwenye madoa, ambaye Mumbi alimvuta midomo ameibana. Trauti yule nilimshika kwa mikono miwili muda kidogo zaidi ya inavyohitajika. Hakuna mlinzi aliyetokea.

Saa kumi na moja upepo ukageuka, ziwa likaanza kuota mapembe meupe ya mawimbi. Nikasema tunarudi. Dunstan, na kiganja chake kilichofungwa, akaomba dakika kumi tu. Nikageuza boti akiwa bado anaomba. Tuliingia bandarini wote tumelowa, Shosho amekamata mkoba na nguzo, anacheka kila wimbi likitupiga.

Sitasema kwamba Mungu alinithibitisha. Hakuna aliyezama. Hakuna askari wa maji aliyekuja kutukagua. Siku nzima hakuna mtu aliyetuhesabu ila mimi. Mwaura anapenda kulisema hilo, na ni kweli. Pengine hata kumi wangekwenda na kurudi salama. Mlinzi wa mto naye angeweza kulala siku ile. Lakini mimi ndiye nahodha, na nahodha anayebeba kumi kwa sababu hakuna anayemuona si nahodha, ni mtoto mwenye trauti kwenye kaptura.

Jaketi lilikuwa pale pale kwenye mbao. Mwaura alikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, injini inawaka kwa ajili ya ubaridi. Lorraine alisubiri hadi samaki wamesafishwa na gari la mwisho limeondoka. Kisha akanitupia kitu, nikakidaka. Boya la ufunguo lilikuwa bado limelowa.

"Jumamosi ijayo goti langu linabaki nyumbani," akasema, akaenda zake.

Nilirudi Maryland na jaketi lile kwenye kiti cha abiria. Hata sijui kwa nini sikulirudisha kabatini.

Usiku ule ule kundi la simu lilikuwa limejaa. *Kimutai ametudhalilisha mbele ya mzungu. Ametuhesabu kama mbuzi. Amemnyima mwenyekiti nafasi. Ataitwa.* Bilha alisoma yote akiwa bado na sare yake ya kazi, ya kuwahudumia wazee, miguu kwenye beseni la maji.

"Omba tu yaishe," akasema. "Neno pole halina uzito."

"La kidole niliomba. La orodha niliomba. Lingine sina."

"Na mama?"

Nampenda mama yangu. Kila Jumapili namsikia kwenye simu akiniuliza kama huku kuna ng'ombe.

"Mama angekuwa gatini angeketi kama Shosho," nikasema.

Bilha akatoa mguu mmoja majini, akaukausha polepole. "Basi ukisimama usije ukainama katikati. Mimi sitaki mume wa nusu nusu."

Ndivyo nilivyofika ukumbini na jaketi, Jumapili ya wiki iliyofuata. Walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki kwa nusu duara, Mwaura katikati na daftari. Nilipewa kiti kinachowakabili. Sikuketi. Bilha alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Kimutai," Mwaura akaanza, "Umoja si watu wabaya. Tunataka mambo mawili tu. Useme umekosa kutuhesabu, na useme umekosa kumwacha mwenyekiti wako gatini. Halafu tunakula, na Jumamosi mbili za mwezi wa nane tunakuja, kumi kumi, tunakusaidia kuinua hiyo kazi yako."

Wengine wakaguna kukubali. Ilikuwa zawadi, kwa macho yao. Niliwaelewa. Ningekuwa mimi niko kwenye viti vile pengine ningeguna.

"La kidole, nimekosa," nikasema. "Nilisema siku ile, nasema leo. Kwetu pia ni mwiko." Nikameza mate. "La pili silisemi. Mwenyekiti, sikukuacha."

Nikaliweka jaketi juu ya meza, mbele ya daftari lake. Lilikuwa bado na harufu ya ziwa.

"Hili ndilo lako. Lilikungoja hadi saa nane na nusu. Kipkemboi alikuletea kwa mikono miwili, mwulize, yuko pale. Ulikuwa na nafasi. Ulichokosa ni nafasi za kugawa."

"Angalia mdomo wako," mtu mmoja akasema.

"Nauangalia. Nikifiwa mtakuja, au hamtakuja. Mimi nyinyi mkifiwa nitakuja, na pilau nitabeba mwenyewe. Lakini kumi sibebi. Hata mkija na askofu."

Mwaura akafunga daftari. "Unajua unachotupa?"

"Najua. Nimekitazama wiki nzima."

Hapo Dunstan, kutoka safu ya nyuma, akainua kiganja chenye plasta. "Mwenyekiti, samahani. Mimi Jumamosi ijayo naandika jina. Dunstan, kichwa kimoja. Nina deni na yule samaki."

"Keti chini, Dunstan!"

"Nimeketi. Nimeinua mkono tu."

Kicheko kidogo kikapita, kikazimwa. Wengi walitazama sakafu. Wainaina alitazama sakafu. Sikuwalaumu, wao pia wana mama zao.

Nikatoka. Bilha akanifuata hadi kwenye maegesho. Ndani ya gari la Mwaura, kioo kimeteremshwa, Shosho alikuwa ameketi na kofia yake ya sufu.

"Wee," akaniita. "Hiyo karatasi ya kuvua inakatwa wapi?"

"Kwenye simu, Shosho. Mumbi anaweza kukukatia sasa hivi."

"Mumbi anaogopa bwana yake. Nikatie wewe." Akafungua mkoba, akatoa pasi yake ya kusafiria, akanipa kupitia dirishani. "Na nikija, nakuja mmoja. Usinioneshe kidole."

Nikasimama pale kwenye lami yenye joto, nikaandika jina lake herufi kwa herufi, huku Bilha ameinamia bega langu akihakikisha sikosei. Nyuma yetu mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na kwenye meza lile jaketi lilionekana hadi nje kwa rangi yake. Hakuna aliyekuwa amelivaa. Hakuna aliyekuwa ameliondoa pia.

Sikulirudia. Boti ina mengine. Siku Mwaura akitaka kupanda, alivae aje nalo.